Aliyevunja Ukimya wa Alhamisi

Katika jengo lile la Umoja wa Ulaya, Brussels, anayenyamaza amekubali. Msidhani ni mzaha, ndiyo desturi yao na wanaiheshimu kuliko sala. Mwenyekiti wa kikundi anaandika waraka, anausambaza kwa nchi zote ishirini na saba, kisha anaweka saa ya mwisho. Alhamisi saa sita mchana, tuseme. Ikifika saa hiyo hakuna aliyeandika neno, waraka umepita na habari imeisha. Asiyeutaka atume barua pepe kabla ya hapo, hata mstari mmoja unatosha, na nyumba nzima itasema kwamba fulani amevunja ukimya. Watasema hivyo wakiwa wamekunja uso kidogo, kama mtu amevunja sahani ya mwenye nyumba.

Nevenka Hribar alikuwa ameketi nyuma ya kibao cha Slovenia kwa miaka minne, akishughulikia mambo ya ulinzi, na hakuwahi kuvunja ukimya hata siku moja. Nchi ya watu milioni mbili haivunji ukimya peke yake. Hilo alifundishwa wiki ya kwanza, pamoja na kuonyeshwa vyoo viko wapi. Unaangalia kwanza nani anasimama, ndipo na wewe unasimama nyuma yake, na ukiulizwa unasema nchi kadhaa zina wasiwasi.

Waraka wa wiki ile ulihusu Bondeni. Mahali pale pana jina refu kwenye karatasi, lakini watu wa nyumba ile waliita Bondeni tu. Vita vilikuwa vimekwisha huko miaka mitatu nyuma, vikaacha mabomu ardhini, kwenye mashamba ya mahindi na ya matofaa, na Umoja wa Ulaya ukapeleka askari mia na sitini wa nchi kumi na moja kwenda kuyategua. Kambini palikuwa na hospitali ndogo: mahema mawili, na kontena lenye meza ya upasuaji. Nchi iliyokuwa ikiiendesha ilisema imechoka, inawahitaji madaktari wake nyumbani. Mwenyekiti aliomba nchi nyingine ipokee mzigo. Aliomba Februari, akaomba Machi, akaomba Aprili. Kila mtu alitazama kalamu yake.

Basi aya ya kumi na nne ya waraka ikaandikwa kwamba kuanzia tarehe mosi Juni majeruhi watapelekwa hospitali ya mjini. Mjini ni saa tatu kwa barabara, na mvua ikinyesha ni nne. Sentensi yenyewe ilikuwa na adabu nyingi mno. Ungeweza kuisoma mara mbili usione damu ndani yake.

Nevenka aliiona. Mwanawe Gašper, kijana wa miaka ishirini na sita, mtoto wake pekee, alikuwa mmoja wa Waslovenia wanne waliotegua mabomu kule. Mtu aliyekatika mguu hana saa tatu, na hilo halihitaji daktari kulijua.

Hakuwa amemficha mtu. Siku Gašper alipopangiwa Bondeni, mama alimwandikia mkubwa wake huko Ljubljana, mji mkuu wa Slovenia, Boštjan Kos, akaeleza kila kitu. Boštjan alimjibu vizuri: hakuna ubaya, endelea na kazi, ila likija jambo linalomgusa kijana moja kwa moja, waachie wengine waseme kwanza. Na sasa jambo lilikuwa limekuja, na wengine hawakuwa wakisema.

Alhamisi saa tatu asubuhi alimpigia simu.

"Boštjan, habari za asubuhi. Ni kuhusu aya ya kumi na nne."

"Najua ni kuhusu aya ya kumi na nne. Jana ulinipigia mara tatu kuhusu aya ya kumi na nne. Mke wangu naye sasa anaijua aya ya kumi na nne."

"Nipe ruhusa nivunje."

"Wengine wanasemaje?"

"Wengine wanauliza wengine wanasemaje."

Boštjan alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Walisoma shule moja ya sekondari, na mama yake Nevenka alipofariki, yeye ndiye aliyekuja kwenye baridi ile kubeba jeneza.

"Sikiliza," alisema. "Wakivunja wawili, wewe uwe wa tatu. Hiyo ruhusa nakupa na naiandika sasa hivi. Peke yako, hapana. Tena wewe hasa, Nevenka. Usinilazimishe kusema kwa nini."

"Sikulazimishi. Nakuelewa."

"Na usisahau, ukivunja utaulizwa umeleta nini. Sisi hatuna madaktari wa kuleta. Wa kwetu hawatoshi hata hapa."

Hiyo ndiyo desturi yao ya pili. Anayevunja ukimya haji mikono mitupu. Umekataa hospitali ifungwe, haya, leta hospitali.

Alishuka chini kwenye mkahawa, na huko akamkuta Kanali Telmo Sardinha wa Ureno anakoroga kahawa isiyo na sukari. Telmo alikuwa rafiki yake wa kweli katika nyumba ambayo urafiki mwingi hudumu muda wa chakula cha mchana.

"Kanali, mmepata neno kutoka kwenu?"

"Tumepata, bibie. Neno zuri kabisa. Lisbon inachukia aya ile, inaiona ni aibu. Nimeruhusiwa kuwa wa pili."

"Na wa kwanza ni nani?"

"Ndilo swali nililowauliza. Wakanijibu, atatokea."

Pirkko wa Finland alikuwa meza ya jirani, mwanamke mrefu asiyecheka ovyo, na aligeuka na trei yake. "Sisi tunaweza kuwa wa tatu," alisema. "Au wa pili, kama wa kwanza ni mtu mzito."

"Mzito kama nani?"

"Mzito kuliko wewe, Nevenka. Samahani."

"Wala usiombe samahani, mizani ninayo nyumbani."

Telmo alicheka, lakini Nevenka hakucheka. Alizunguka ghorofa kwa ghorofa, mlango kwa mlango, na kufika saa tano alikuwa amehesabu nchi tisa zilizokuwa tayari kuwa za pili. Nchi tisa! Zina majeshi, zina ndege za kivita, zina vifaru vya kuvuka mito, na zote zimekaa zinaogopa barua pepe. Alitaka kupiga kelele pale kwenye lifti. Alibonyeza kitufe cha ghorofa yake badala yake.

Jumapili Gašper alikuwa amepiga simu, kama kila Jumapili. Alizungumza juu ya chakula tu. Alikuwa na rafiki Mreno aitwaye Rui, wanalala hema moja, na huyo Rui amemfundisha mpishi kupika samaki mkavu, sasa wanakula samaki mkavu siku nne kwa wiki na hakuna wa kulalamika kwa sababu Rui ana mwili kama kabati. Mama aliuliza kama analala vizuri. Alisema analala. Hakujua chochote juu ya aya ya kumi na nne, wala mama yake hakumwambia.

Saa sita kasoro robo aliketi mbele ya kompyuta. Alijiambia ukweli, maana hakukuwa na mtu wa kumdanganya chumbani. Nikiandika, watasema mama amesema. Nisipoandika, na kesho kutwa mtoto wa mtu akavuja damu njiani, wangu au wa mwenzangu, hapo nitakuwa nimekubali. Nitakuwa nimekubali kwa kukaa.

Akaandika sentensi mbili. Ya kwanza ilisema Slovenia haiwezi kuikubali aya ya kumi na nne. Ya pili ilisema Slovenia iko tayari kuchangia timu ya upasuaji. Ya kwanza alikatazwa na mkubwa wake. Ya pili hakukatazwa na mtu, kwa kuwa hakuna aliyewahi kufikiri kwamba angethubutu. Alizituma saa sita kasoro dakika nne.

Dakika moja baadaye Ureno ikavunja. Halafu Finland, halafu Estonia, halafu Ireland na Ubelgiji kwa pamoja. Barua pepe ziliingia mfululizo, zimepangwa vizuri, zina nukta na mkato, na ilionekana wazi watu walikuwa wameziandika tangu asubuhi wakakaa nazo. Saa sita ilipogonga, nchi tisa zilikuwa nyuma ya Slovenia.

Mwenyekiti, Bi Annelies, Mholanzi wa miaka sitini na kitu aliyeongoza kikundi kile kwa upole wa mwalimu wa chekechea, alimpigia mwenyewe.

"Nevenka, una timu kweli?"

"Ninayo."

"Watu wangapi?"

"Wanne."

"Wana majina?"

"Nitakuletea."

"Basi njoo saa tisa tukae," alisema Annelies. "Na kula kitu kwanza. Sauti yako ni ya mtu ambaye hajala."

Boštjan naye alipiga. Hakupaza sauti, na ingekuwa nafuu kama angepaza.

"Madaktari gani, Nevenka?"

"Wapo. Unajua wapo. Wale wa hospitali ya Maribor, waliorudi mwaka jana kutoka kazi ya nje."

"Umewatoa watu wetu kwa barua pepe ya mistari miwili."

"Nifukuze."

"Nikikufukuza, lazima nieleze kwamba nchi yetu imedanganya mbele ya nchi ishirini na sita. Sikufukuzi. Kaa hapo, usiguse kitu chochote, niache nimtafute waziri."

Saa tisa walikaa, na hapo ndipo palipotokea jambo ambalo ungeliona ungecheka. Ureno iliyokuwa haina kitu tangu Februari ilitoa daktari wa usingizi na wauguzi watatu. Finland ikatoa kontena jipya la upasuaji, lenye joto ndani, lilikuwa limekaa ghalani tu. Ubelgiji ikatoa jokofu la damu, na Estonia magari mawili ya wagonjwa. Kila mmoja alikuwa na kitu mfukoni siku zote, akisubiri mwenzake atoe kwanza. Kwa saa moja na nusu waliijenga hospitali ya nchi tano, na Telmo akawa anaandika orodha kwenye leso ya karatasi huku akitabasamu mwenyewe. Wakati ule Nevenka aliwapenda wote, pamoja na woga wao.

Saa kumi na moja Boštjan alipiga tena.

"Waziri amekubali. Wapasuaji wawili, wauguzi wawili. Wanne, kama ulivyosema."

"Boštjan, sijui nikushukuru vipi."

"Usinishukuru bado. Serikali imeruhusu watu wetu kumi Bondeni. Kumi, basi. Na sasa hivi wako kumi. Nikipeleka wanne, lazima nirudishe wanne."

Nevenka alielewa kabla hajamaliza. Alishika ukingo wa meza.

"Rudisha madereva."

"Madereva ni wawili, na magari yao yanabeba maji ya kambi nzima. Wengine wanne wako makao makuu, tumeahidi kwa maandishi. Nimepanga na kupangua mchana kutwa. Wanaorudi ni wateguaji."

"Gašper."

"Gašper na wenzake watatu. Wareno watachukua vipande vyao vya shamba."

"Usinifanyie hivi. Watasema nilipanga."

"Watasema," alijibu Boštjan, na sauti yake ilikuwa na huruma, ndiyo maana ilimchoma zaidi. "Mimi nitakuwa nikisema hapana, na hakuna atakayeniamini. Pole, Nevenka. Ni kweli kabisa, pole."

Na walisema. Jumatatu iliyofuata alipoingia kwenye lifti, mazungumzo yalibadilika yakawa ya hali ya hewa. Mtu mmoja wa ujumbe jirani, mwanamume mwenye watoto watatu, alimshika bega pale penye mashine ya kahawa akamwambia, "Hongera, mama. Ningekuwa wewe ningefanya hivyo hivyo, tena mapema." Alimaanisha wema. Nevenka alirudi ofisini, akafunga mlango na kulia kwa hasira. Mara mbili alijaribu kumweleza mtu, na mara mbili alijisikia anavyosikika, mama anayejitetea. Akaacha.

Gašper alirudi katikati ya Juni. Nevenka alichukua likizo, akaenda nyumbani Bovec, akampikia jota, ile supu ya maharage na kabichi chachu aliyoipenda tangu utoto. Kijana alikaa mezani na sare yake, kijiko mkononi, bila kula.

"Siku ya kuondoka walijipanga," alisema. "Wote. Wakanipigia saluti. Unajua saluti ya namna gani?"

"Niambie."

"Ya kucheka. Mmoja akasema, msalimie bosi wetu wa Brussels, mwambie na sisi tuna mama. Rui hakucheka. Alinibebea begi mpaka garini, asiniangalie usoni."

"Sikujua watakurudisha wewe, Gašper. Nakuapia kwa kaburi la bibi yako."

"Sawa."

"Huniamini."

"Nataka kukuamini, mama. Bado sijafika hapo." Aliweka kijiko chini. "Nijibu kitu kimoja. Ningekuwa siko kule, ningekuwa naosha magari hapa Bovec, ungevunja?"

Jibu alikuwa nalo. Alikuwa amelifanyia mazoezi kwenye ndege, njia nzima, kwa sauti ya chini mpaka jirani yake akamtazama. Ndiyo, angesema, ndiyo, kwa ajili ya wote. Lakini alipomwangalia yule mtoto, na macho yake mekundu, lile jibu halikutoka.

"Sijui," alisema. "Ningependa sana kukuambia ndiyo. Sijui, mwanangu."

Gašper alitikisa kichwa polepole. Alikwenda jikoni na bakuli lake, akamwaga supu, akaosha bakuli, akalifuta, akaliweka kabatini. Kisha akachukua begi akaenda kulala kwa rafiki yake. Wiki tano hakupiga simu, hata Jumapili moja.

Jumanne moja ya mwisho wa Julai, wakati jengo limeanza kuwa tupu kwa ajili ya likizo, Telmo aliingia ofisini kwake bila kubisha. Alifunga mlango. Kofia yake ilikuwa mkononi na aliikunja kama kitambaa cha jikoni.

"Bondeni," alisema. "Asubuhi hii. Kijana wetu."

Nevenka alisimama.

"Yu hai. Kaa, bibie, yu hai. Mguu umekwenda, chini ya goti. Lakini kutoka shambani mpaka meza ya upasuaji ni dakika ishirini na nane. Daktari wenu wa Maribor ndiye aliyempasua, na damu ilikuwa ya jokofu la Wabelgiji. Nimezungumza na daktari mwenyewe. Nikamuuliza, na kwa barabara je? Akaniambia, Kanali, kwa barabara ungekuwa unatafuta jeneza." Telmo alijaribu kuendelea akashindwa. Alimshika Nevenka mikono yote miwili, akaibusu, mwanamume wa miaka hamsini na tano mwenye nishani kifuani, na machozi yakamtiririka. "Ulikuwa peke yako dakika ile. Mimi nilikuwa nimekaa na barua yangu imeshaandikwa. Nilikuacha peke yako, na wewe umeniokolea mtoto."

"Anaitwa nani?" aliuliza Nevenka, ingawa tayari alikuwa akiogopa.

"Rui. Rui Valadares."

Simu yake ikaanza kutetemeka mezani. Ilikuwa Gašper. Telmo aliona jina, akamwachia mikono, akaketi kwenye kiti cha wageni akijifuta uso kwa kiganja.

"Mama, umesikia?"

"Nimesikia. Yu hai, mwanangu. Yu hai."

"Ni kipande changu." Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekimbia. "Wamenitumia picha. Ni kipande changu kile kile, kile cha karibu na kisima. Ningekuwa nimekifikia wiki hii hii, nimehesabu. Ni mimi, mama. Pale nilitakiwa niwe mimi."

Nevenka aliketi.

"Nilikuchukia kwa kunitoa," alisema Gašper. "Leo nimesoma ule ujumbe, na kitu cha kwanza nilichosikia moyoni, kabla sijamfikiria Rui, kabla ya kitu kingine chochote, kilikuwa furaha. Nilishika mguu wangu nikafurahi. Mimi ni mtu wa namna gani?"

"Hata mimi," alisema Nevenka. Alisema kwa Kislovenia, na Telmo, aliyekaa hatua mbili kutoka kwake, hakujua hata neno moja la lugha hiyo. "Hata mimi nimefurahi, Gašper. Mwenzangu amekaa hapa mbele yangu analia, na mimi nimefurahi kwamba si wewe."

Telmo aliinua uso.

"Ni mwanao?" aliuliza kwa upole. "Mwambie asante. Mwambie Ureno inamshukuru kwa mama aliye naye."

Nevenka alimtafsiria neno kwa neno, bila kupunguza. Upande wa pili Gašper alilia, mtu mzima yule, na mama yake akabaki na simu sikioni mpaka alipomaliza.